Usingizi wa Diwani

Katika daftari la ruhusa la shule yetu, bibi yangu mzaa baba amefariki mara tatu, na mara zote alizikwa siku ya Ijumaa. Yeye mwenyewe yuko Nyololo, mzima, anapalilia mahindi. Nalitaja jambo hili mapema ili ieleweke kwa nini Julai ile, nilipohitaji kuaminiwa kwa dakika moja tu, hakupatikana mtu kuanzia shuleni Iringa mpaka nyumbani.

Mdogo wangu Happy ana miaka tisa na ana pumu. Daktari alikataa paka, akakataa mbwa, akakataa hata sungura. Happy alinuna wiki nzima, kisha akauliza, "Na mnyama asiye na manyoya?" Ndivyo kobe alivyoingia katika ukoo wetu. Mama alihangaikia kibali cha maliasili, na likizo ya Juni tukafunga safari watatu kwenda Iyunga, Mbeya, kwa Mzee Anyelwisye, mfugaji mwenye leseni.

Mimi nilikwenda kama mshauri wa kitaalamu, kwa kuwa niko kidato cha tatu na nasoma biolojia. Mzee alinitazama viatu, akamgeukia Mama.

"Huyu mdogo, gamba lake la nyuma linajifunga kama mlango. Anapenda majani yaliyooza, unyevunyevu. Huyu wa madoadoa ni wa jua na nyasi. Mtoto ana shida gani?"

"Kifua, baba. Pumu."

"Basi wa unyevu mwacheni. Majani yataota ukungu ndani ya nyumba, mtoto ateseke. Chukueni wa madoadoa. Ila atakua, mama. Leo sahani, baadaye beseni."

"Na wale bapa wa kwenye miamba?" niliuliza, nikijikohoza.

"Hao usiniulize, kijana. Unataka nifungwe?"

Kuhusu makazi, nilipendekeza maranda ya misonobari, ambayo kwetu yamerundikana kila penye mashine ya mbao na hayana mwenyewe. Mzee akakataa. Vumbi lingemuumiza mtoto, na harufu ingemuumiza kobe.

"Tandika udongo na mawe bapa. Kasha la mbao, refu kama kitanda. Lisiwe la kioo, maana akiona nje atasukuma mpaka achubuke pua. Upande mmoja balbu ya joto, upande mwingine kivuli. Kwenu Nyololo ni baridi, balbu isizimwe mchana. Umesikia, profesa?"

"Nimesikia, mzee."

Na kweli nilisikia. Hapo ndipo panaponiuma.

Tulijenga kasha sebuleni siku mbili. Happy akamwita kobe Diwani, kwa sababu anatembea taratibu na hajibu maswali. Kisha ukaja ule ukungu wa kwetu unaokaa hata siku tano jua lisionekane, umeme ukawa unakatika kila mara, na Diwani akaanza kuzubaa. Happy akawa anagonga mlango wangu kila nusu saa kuleta taarifa.

"Kaka, Diwani hajala."

"Kaka, Diwani amefumba macho."

"Kaka, Diwani hatembei kabisa."

Nilikuwa nimejilaza chini ya mablanketi mawili, na simu mkononi. Nilikuwa nimesoma mahali, nusu nusu, habari za kobe wa nchi za theluji. Nikaketi, nikavaa uso wa mchungaji wa Jumapili ya matawi.

"Dada Happy," nikasema, "Diwani ameingia katika usingizi mkuu. Atalala mpaka Agosti. Anataka giza na ubaridi. Ole wake atakayemwamsha, maana akiamshwa anakufa."

Nilitegemea acheke. Alitoka kwa kunyata.

Mama angeweza kuuvunja uongo ule kwa swali moja, lakini Mama ni mkulima wa viazi. Kwetu viazi vya mbegu vikishavunwa huwekwa stoo gizani, vinalala miezi miwili au mitatu, na mtu hathubutu kuvigusa mpaka vichipue. Kwa Mama, kitu cha udongo kulala msimu wa baridi ni jambo la kawaida kabisa. "Kumbe na yeye hulala," alisema. Wakazima balbu, wakambeba Diwani katika boksi dogo, wakamweka stoo katikati ya magunia ya mbegu. Happy akabandika karatasi mlangoni: KIMYA.

Ningeweza kusema siku ile. Niliona ni hasara kukiua mapema kichekesho kizuri namna ile. Siku mbili baadaye nikarudi shule.

Wiki ya pili, Mwalimu Crispin, anayefundisha biolojia na kushika daftari la ruhusa, alikuwa anaeleza wanyama wanaopata joto kutoka nje ya mwili. Niliuliza, kwa mzaha tu, kama kobe wa kwetu hulala msimu wa baridi.

"Wa madoadoa? Huyo hawezi kulala miezi. Mwondolee joto, tumbo linasimama, mapafu yanajaa maji. Utadhani amelala, kumbe anakufa."

Darasa lilicheka jambo jingine. Mimi nilikuwa nahesabu siku tangu Diwani aingie stoo.

Jumapili, siku yetu ya kupiga simu nyumbani, niliazima simu ya mlezi wa bweni.

"Diwani yuko vipi?"

"Amelala vizuri, Kaka. Siku ya kumi na nane leo. Sijamgusa hata kidogo."

"Happy, nisikilize. Mtoe stoo sasa hivi. Nilidanganya."

Akacheka, kicheko chake kile cha kukatikakatika.

"We Kaka! Unataka nimwamshe afe, halafu unicheke."

"Sitanii."

"Hata siku uliyosema shule zote zimefutwa ulisema sitanii. Nikachoma daftari."

"Nipe Mama."

Mama hakuwa na muda. "Vitus, muache mtoto. Mbegu ukiifukua kabla ya siku zake inaoza." Akakata.

Nilikwenda kwa Mwalimu Crispin mbio. Alikuwa ofisini, akafungua daftari kabla sijasema.

"Nani amefariki?"

"Bado, mwalimu. Ni kobe."

"Umeishiwa mabibi?"

Nilikuwa nimewahi kulia mbele yake mara tatu, kwa ustadi. Safari hii sikupanga, na kamasi zilitoka. Nikamweleza yote, mpaka uso wa mchungaji. Alisogeza simu yake mezani.

"Namba ya mama yako."

Alijitambulisha, akaeleza polepole, akarudia. Simu aliiweka kwenye spika, tukasikia Mama akimuita Happy, mlango wa stoo, magunia yakiburutwa.

"Hatoi kichwa," ilikuja sauti ya Happy. "Mwalimu, miguu imelegea."

"Maji ya uvuguvugu kwenye beseni, yasifike puani. Jiko la kumpa joto liwe mbali. Mshike kichwa kiwe juu."

Tulisubiri. Mwalimu hakunitazama. Nilihesabu misumari ya mlango wa kabati, nikaanza tena. Nilimsikia Happy akiongea na kobe kwa sauti ndogo, akimwomba radhi, yeye ambaye hakukosa lolote.

"Umejivuta!" alisema Mama. "Mguu umejivuta."

Mwalimu akamwambia balbu iwashwe na waende kwa daktari wa mifugo kesho yake. Ruhusa hakunipa. "Ukienda utawasaidia nini?" aliuliza, akafunga daftari.

Jumapili iliyofuata nilipiga tena.

"Jicho moja halijafunguka," Happy alisema. "Daktari amempa sindano. Jana alitafuna jani moja la mchunga."

"Muogeshe maji ya uvuguvugu kila asubuhi, halafu umkaushe."





"Mpe Mwalimu simu. Nimuulize kama ni kweli."

"Hayupo hapa. Yuko uwanjani."

"Basi nasubiri."

Nikamsikia akipumua, kifua chake kikilia filimbi ndogo ya msimu wa baridi. Nikaiweka simu ya mlezi dirishani bila kuikata, nikakimbia kumtafuta Mwalimu.