Bomba Lililopenda Risala

Asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, akina mama wa kijiji kimoja upande wa Haneti hupanga ndoo zao kwenye bomba lililo nyuma ya madarasa ya sekondari ya kata, na Zipora wa kidato cha nne huja kuwasomea risala. Akifika kwenye elimu, bomba hukohoa. Kwenye teknolojia hutoa upepo. Akisema utawala bora ni msingi wa maendeleo endelevu, maji hutoka, safi na ya baridi, na ndoo ya kwanza husogezwa.

Imekuwa hivyo tangu uzinduzi wa bomba. Siku hiyo mgeni rasmi alihutubia juani kwa muda mrefu na maji yakatoka muda wote. Alipoketi, yakakata. Watu wakadhani ni heshima. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Nathanaeli, akasimama kutoa neno la shukrani, yakatoka tena, ingawa kidogo, kwa sababu mzee hujirudiarudia.

Fundi Munir aliletwa na pikipiki kutoka Dodoma mjini. Alikagua sola, akavuta mabomba kutoka kisimani, akakuta mwisho wake hakuna kitu. Pampu haikuwahi kuwekwa. Akawapigia simu waliomtuma. Wakamjibu kwamba kwenye mfumo pampu ipo na inafanya kazi, basi atume picha. Munir akamwomba Zipora aseme maneno mawili matatu, akapiga picha maji yakiruka, akaituma, akapongezwa. Alijaza dumu lake kabla ya kuondoka.

Wengine nao walijaribu. Mchungaji alipata kikombe kimoja. Mwalimu Meshack wa Fizikia alieleza jinsi pampu inavyosukuma maji, na bomba likakauka hadi jioni. Hata Zipora siku moja alisema, "Pampu haipo," maji yakarudi kisimani yakiwa njiani. Akina mama wakamtazama. Akaomba radhi, akaanza upya kwa "Ndugu mgeni rasmi."

Sauti yake ndiyo bomba liliyoikubali, labda kwa sababu aliyaamini maneno yale. Alitaka kufaulu Fizikia, akasomee mitambo ya maji, arudi kuweka pampu. Lakini ndoo zilikuwa nyingi, na kipindi cha kwanza karibu kila siku kilikuwa Fizikia. Mwalimu Meshack akawa anamfundisha wakati wa chakula, wakati wenzake wakila makande.

Ikafika asubuhi ya mtihani wa taifa wa Fizikia. Mzee Nathanaeli alikubali kusoma risala yeye, aliifanyia mazoezi hadi kwa mbuzi wake. Elimu ilimtoka vizuri, na teknolojia pia. Kwenye utawala bora alipaliwa, bomba likatoa tope. Alirudia, likatoa tope zito zaidi. Nesi Gladness wa zahanati alikuwa mbele ya foleni, ndoo zake mbili tupu.

Mzee akaenda kwenye dirisha la chumba cha mtihani, akanong'ona.

"Mwanangu, zahanati hawana hata tone. Kuna mama anajifungua."

Zipora alikuwa kwenye swali la pampu, na alilijua. Aliweka kalamu chini, akasimama, akageuza uso kuelekea dirishani, akasoma risala yote kwa kichwa. Maji yakaja kwa nguvu hata ndoo ya nesi ikayumba.

Msimamizi, aliyeletwa kutoka shule ya mbali, hakukasirika. Alimweleza kwa upole kwamba anayezungumza ndani ya chumba cha mtihani anafutiwa mtihani, akachukua karatasi yake na kuikunja vizuri. Kisha akatazama nje, akatoa chupa tupu mfukoni mwa koti.

"Samahani, mwalimu," Zipora akasema, "ninyamaze sasa?"

"Bado, binti," akasema msimamizi akielekea mlangoni. "Ngoja na mimi nikinge."