Maziwa ya Kerttu

Nasema mapema: nimechoka, na mtu aliyechoka hana adabu. Miaka yote hii nauguza wodi ya saratani ya damu huku Savo, kaskazini ya mbali, na bado Novemba inanishinda. Unaingia kazini giza, unatoka giza, na humo katikati kuna watu ambao dawa zetu zimewamaliza kinga yote mwilini.

Mzee Urho, aliyekuwa dereva wa malori ya magogo, alipandwa na homa kali ghafla. Tukamtoa damu. Maabara wakasema kuna bakteria, lakini pengine ni uchafu wa ngozi tu. Tukamtoa tena, wakaonekana walewale. Daktari Hynninen akanijia amekunja uso.

"Raili, hawa ni bakteria wa kugandishia maziwa. Wanatafuta nini kwenye damu ya mtu?"

"Mimi ndiye wa kuulizwa? Labda wamepotea njia."

Hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kitandani, nami nyuma yake. Kerttu, mke wa mzee, alikuwa ameketi pale, mkoba mapajani. Daktari akamuuliza kama mgonjwa anakula chochote cha nyumbani. Bibi wa watu akafungua mkoba bila wasiwasi, akatoa bakuli la viili, yale maziwa yetu ya mgando yanayovutika kijikoni.

"Chakula chenu hakimpiti kooni," alisema. "Hiki anamaliza."

Jamani! Maziwa ya mgando tulishayapiga marufuku siku ya kwanza. Ila Kerttu alijua marufuku ni yale ya dukani. Mbegu ya haya aliipata kwa mama mkwe wake, aliyeikausha kwenye kitambaa akaikimbiza kutoka kwao Karelia wakati wa vita, na tangu hapo kijiko cha jana ndicho kinachogandisha maziwa ya leo. Urho mwenyewe amekuzwa nayo. Yatamdhuruje? Na kwetu huku, kumuuliza mgeni amebeba nini mkobani ni ukosefu wa heshima, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

"Mwenye afya angekula ndoo nzima asipate hata kiungulia," daktari alimweleza taratibu. "Ila mzee hana askari hata mmoja mwilini, na dawa zimemchubua utumbo. Bakteria wamepenya hapo. Ni jambo la nadra mno, Kerttu. Usijilaumu."

Kerttu alifunika bakuli, akashukuru, akaondoka.

Tangu siku hiyo hakuingia tena chumbani. Alikuja kila siku, akasimama koridoni nyuma ya kioo, amevaa glavu. Mikono alikuwa ameiosha mpaka imebabuka. Mzee humpungia, naye huitikia kwa kichwa. Dawa iliishusha homa, lakini saratani yenyewe ikagoma, na daktari akawaambia wazi kwamba muda ni mfupi. Ndipo mzee akaniita.

"Wee Raili, mke wangu kageuka sanamu?"

"Anaogopa kukuua, mzee."

"Kwani saratani imekwenda likizo? Mlete. Nataka anishike kabla sijapoa."

Walishajaribu wengine. Daktari alijaribu, kasisi alijaribu, na mtoto wao alipiga simu kutoka Uswidi. Wote wimbo mmoja: si kosa lako, mama. Nami nilikwenda kuuimba huohuo. Lakini miguu ilikuwa inaniwaka moto, na nilipoziona zile glavu uvumilivu ukaniisha.

"Kerttu, unangoja nini hapa?"

"Niambie kweli, Raili. Ni maziwa yangu?"

"Ndiyo. Ni maziwa yako."

Machozi yakamtoka palepale. Yangu nayo yakafuata, na nilitamani niumeze ulimi wangu.

"Afadhali wewe," alisema. "Kila mtu ananibembeleza kama mtoto. Nilidhani nimerukwa na akili."

"Na mumeo anajua, na anakuita hivyohivyo. Utaingia kwa miguu yako au nikubebe?"

"Utaniweza wapi, na mgongo wako huo," akasema, huku anajifuta pua kwa mkono wa sweta.

Akaingia. Glavu alizivua akazitupa kwenye ndoo. Alikaa kwenye kiti, lakini mikono aliibana mapajani. Mimi nilijifanya natengeneza dripu.

"Ni mimi, Urho," alisema. "Ni maziwa yangu yaliyokuingia damuni."

"Najua. Nami nilikuwa naramba bakuli."

"Nimekuua, baba."

Mzee alifumba macho.

"Sasa ningeuliwa na nani, mke wangu?" akasema. "Hakuna mwingine aliyekuwa anakuja."

Kerttu akamshika uso kwa mikono yote miwili.