Habu ya Kushoto

Fundi alibandua kofia ya habu, kile kitovu cha gurudumu la tela, akaingiza kidole ndani, akakitoa kikiwa cheupe. Grisi aliyoipaka mwenyewe, yenye rangi ya asali, ilikuwa imegeuka uji. Rola za beringi zilikuwa na kutu.

"Maji tena," alisema.

"Na kushoto tena?" Mama mkwe wake, mwenye tela, alikataa kiti. "Basi. Beringi ikifa mara nyingine, tela nampa binamu yake. Huyu atatafuta la kufanya."

"Huyu" alikuwa mwanawe wa mwisho, dereva wa gari linalovuta tela, ambaye mtaa mzima ulimwita Sabuni. Alikuwa akifuta taa ya nyuma kwa mkono wa shati.

Mama alipoondoka, Fundi aliuliza, "Shemeji, unalipitisha mtoni?"

"Mto gani? Hata dimbwi nalikwepa. Nilichafue bure?"

Fundi alimwamini. Sabuni aliwahi kumshusha garini kaka yake, yaani mume wa Fundi, kwa sababu ya viatu vyenye tope.

Kilichomsumbua ni upande. Sili, zile pete za mpira zinazozuia maji na vumbi, zilikuwa za aina moja. Grisi ilitoka kopo moja. Mara iliyopita alizibadilisha hata habu zenyewe, ya kulia akaifunga kushoto. Kosa la chuma lingehama pamoja na chuma. Halikuhama.

Alifunga beringi mpya. "Kesho tunakwenda wote," alisema.

"Unanichunguza?"

"Nachunguza gurudumu. Wewe umekaa karibu nalo tu."

Walipeleka matofali kwenye shule inayojengwa. Kila waliposimama, Fundi aligusa habu zote mbili: joto sawasawa, la kawaida kwa mzigo ule. Njia nzima ilikuwa kavu. Walipoingia uani kwa Mama, Sabuni alizima injini, na Fundi hajakanyaga chini vizuri, mpira wa maji ulikuwa tayari unamwagia gurudumu la kushoto. Habu ilifuka mvuke mwembamba.

"Funga maji! Huwa unaanzia hapo?"

"Bomba si liko upande huu? Naung'arisha huu wote, halafu bodi, ndipo nahamia kule."

"Na ukifika kule, habu ya kulia imeshapoa yenyewe."

Fundi aliingia jikoni kwa Mama, akatoboa tundu kwenye kifuniko cha kopo tupu, akalipasha moto, kisha akalitosa kwenye ndoo ya maji, tundu likiangalia chini. Kopo likakoroma. Alipolifungua, lilikuwa na maji ndani.

"Nani ameyatia?" aliuliza Mama, aliyekuja kuona jiko lake linafanywa nini.

"Kopo limeyavuta. Hewa ya moto ikipoa ghafla husinyaa, na nafasi inayobaki hujazwa na kilicho karibu. Habu nayo huvuta hivyohivyo, kupitia ukingo wa sili."

"Kwa hiyo mwanangu analiua kwa usafi? Na utotoni nilimkimbiza uani kutwa ndipo aoge!"

"Mama, mbele ya shemeji!" alisema Sabuni.

Mama hakucheka. "Lakini kopo si gurudumu. Matofali ya shule yakimalizika kubebwa, mtafungua nikiona. Grisi ikiwa nyeupe, neno langu ni lilelile."

Fundi aliifungua habu, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaikausha na kusindilia grisi mpya kwa kiganja hadi ikachomoza upande wa pili wa rola. Tangu siku hiyo Sabuni aliporudi safarini aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kusubiri habu zipoe, akilitazama vumbi la tela lake kama mtu anayetukanwa.

Shule ilipopata matofali yake yote, Mama alisogea mwenyewe hadi kwenye jeki. Fundi alibandua kofia ya kushoto. Mama alichovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba, akakigeuzia mwanga. Asali.

Alikipangusa kwenye shati la mwanawe.

"Mama!"

"Kalioshe tela lako," alisema. "Hilo shati nalo."

Sabuni aliuokota mpira wa maji. Kisha akauweka chini, akazunguka kulia, kwenye gurudumu ambalo halijafunguliwa, akabandika kiganja juu ya habu na kusubiri ipoe.