Tumbusi Aliyeomba Radhi

Kila Jumamosi mchana, katika banda la video la Mwanamvita pale Tunduma, Rabson alishika maiki na kuwa watu wengi. Filamu zilikuja zikisema lugha za kwao. Yeye alizipunguza sauti na kuzisemea Kiswahili papo hapo. Bibi akawa bibi, mbwa akawa mbwa, mlango ukilia naye analia. Wazazi walioleta watoto waliishia kubaki wenyewe, wakijidai wanawasubiri.

Mwezi ule kilichokuwa kinajaza banda ni katuni ya kifaranga yatima anayelinda chemchemi ya kijiji chake dhidi ya tumbusi mzee. Tumbusi huyo alikuwa na upara, koti zito la kahawia lililofika magotini, miwani iliyofungwa kwa uzi, na bakora. Kabla ya kusema lolote, alikohoa. Rabson alimpa sauti ya kutoka chini ya tumbo, sauti ya kokoto kwenye debe, na watoto wakamwogopa kwa mapenzi yao yote. Shuleni walikohoa kama yeye mpaka walimu wakauliza kama mafua yameingia mjini. Rabson mwenyewe alimchora kwenye bango la mlangoni na kuandika chini yake: MBAYA KULIKO WOTE.

Sasa, Rabson alikuwa anataka kuoa. Mchumba wake aliitwa Tupokigwe, fundi cherehani, binti wa kijiji cha Mbebe kule milimani Ileje. Posa ilipelekwa na mshenga kama inavyotakiwa, kwa hiyo Rabson hakuwahi kumwona baba mkwe hata kwa picha. Jibu lililorudi lilikuwa fupi: Mzee Jonasi hakatai wala hakubali. Atashuka Tunduma mwenyewe Jumamosi, aone hiyo kazi ya kuongea gizani ni kazi ya namna gani, ndipo aseme neno lake. Wiki nzima Rabson alijiandaa. Alinyoa nywele, akaazima shati, akamwomba Mwanamvita banda lifagiliwe mara mbili.

Siku ikafika. Watoto walibanana kwenye mabenchi, kifaranga akawa anaimba kando ya chemchemi, na hapo mlango ukafunguliwa, mwanga ukaingia pamoja na mtu. Alikuwa na koti zito la kahawia mpaka magotini, maana Mbebe kuna baridi na mzee hakuona sababu ya kuliacha nyumbani. Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi, na bakora. Akavua kofia kwa adabu, upara ukang'aa. Akakohoa.

Mtoto mmoja wa benchi la mbele alipiga yowe. Tupokigwe, ambaye Jumamosi ni siku yake ya wateja na filamu hiyo hakuwahi kuiona, alimwongoza baba yake hadi kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, cha heshima. Kisha akaitazama skrini, akamtazama baba yake, akaziba mdomo kwa kanga na kwenda kukaa nyuma karibu na Mwanamvita.

Rabson alitamani ardhi ipasuke. Alilelewa kijijini Hasamba na wazee wasiofanya mzaha na ukwe: baba mkwe humtaji jina, humkodolei macho, ukimwona njiani unampisha. Yeye wake amemchora upara na kumtundika mlangoni. Kuisimamisha filamu hakuweza, watoto wangemla nyama. Basi akafanya ujinga ambao mtu hufanya akizidiwa na adabu. Akaamua kumtengeneza tumbusi awe mtu mwema.

"Hamjambo, wajukuu zangu," tumbusi akasema kwa sauti ya shemasi. "Samahani kwa usumbufu. Naomba maji kidogo ya kunywa, kama yapo."

Wakati huohuo kwenye skrini tumbusi alikuwa amempiga mlinzi wa lango la kijiji teke la kifua. Rabson akaeleza kwamba mlinzi ameteleza na mzee anampa pole. Tumbusi alipomkaba kifaranga koo, Rabson alisema anampima homa. Alipochoma ghala la mahindi, alisema anawaotesha moto wanakijiji kwa sababu ya baridi. Na wanakijiji waliokuwa wakilia na kukimbia huku na huku, hao walizidiwa na shukrani.

Lakini ukimpandisha mmoja, mwingine anashuka. Kadiri tumbusi alivyokuwa mwema, ndivyo kifaranga alivyogeuka mtoto mkorofi asiye na malezi. Kila jiwe alilorusha, banda liliguna. Mwishowe alipokata daraja la kamba na tumbusi akaporomoka korongoni, huku Rabson akimsemea "asanteni kwa ukarimu wenu", kitoto kimoja kikaangua kilio kwamba wamemuua babu wa watu.

Taa zikawashwa, na banda likageuka bunge. Ezron, mbadilisha fedha wa mpakani ambaye alikuwa hakosi Jumamosi hata moja, alikuwa wa kwanza kusimama. Alisema adui wa namna ile ni timu iliyokuja uwanjani bila viatu. Magoli uliyoifunga huwezi kujisifia popote. Kifaranga kashinda nini, kumsukuma mzee mwenye kiu? Marta muuza ndizi za kuchoma alimjibu kwamba yeye amempenda tumbusi wa leo kuliko wa siku zote, kwamba wabaya wasio na adabu wamejaa hapa mjini na hakuna haja ya kuwafuata bandani. Ezron akamuuliza, kama ni mwema, kile kijinga cha moto alikishika cha nini. Marta akasema ni baridi, au hukusikia?

Jenista, binti wa darasa la nne anayeijua filamu ile kwa moyo, alipanda juu ya benchi kutoa ushahidi. Jumamosi iliyopita, alisema, tumbusi aliapa kuinywa chemchemi mpaka tope, kisha awanywe na walioichimba. Leo ameugua? Watoto wakagawanyika, wa tumbusi mkali upande huu na wa tumbusi mpole upande ule. Wakakoholeana. Benchi likavunjika mguu na hakupatikana aliyelivunja. Mwanamvita alimtupia Rabson jicho la pembeni, akasema polepole kwamba mficha uchi hazai.

Ndipo kikohozi cha kweli kikasikika kutoka mbele, na banda zima likanyamaza.

Mzee Jonasi aligeuza kiti chake bila haraka, akamkabili Rabson. "Kijana, yule ndege ni mimi?"

"Hapana, baba. Ni koti tu, baba."

"Na miwani."

"Na miwani, baba."

"Na lile bango, nani kalichora?"

Rabson alitazama chini na kusema ni yeye. Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Rabson alidhani ni hasira, akaiaga ndoa yake kimoyomoyo. Kumbe ni kicheko. Kilimtoka mzee kidogokidogo, kikaishia kwenye kukohoa, na watoto wote wakakohoa pamoja naye.

Alipopata pumzi, mzee aliwaeleza kwamba kule Mbebe, jikoni kwake, mahindi yakiwa motoni, mtoa hadithi ni yeye. Na katika hadithi zake zote, zimwi ni yeye. Tupokigwe alipokuwa mdogo alikimbilia chini ya kitanda kila alipoisikia sauti hiyo, kisha akatoka na kuomba irudiwe. Kwa hiyo leo, alipoliona bango pale nje, moyo wake ulifurahi sana.

"Nikasema leo nitajiona nilivyo mbaya mpaka nijiogope," akasema. "Nikakaa, nikaletewa shemasi. Sikia, mwanangu. Ukilipunguza zimwi, umempunguza na mtoto aliyelishinda. Na mimi sitaki mkwe wa kunipaka mafuta. Irudishe mwanzo."

Hakuna aliyeondoka. Waliokuwa nje waliingia kuona kelele ni za nini. Rabson akairudisha filamu, akavuta pumzi mpaka chini ya tumbo kutafuta zile kokoto zake, na ikamtoka sauti ya mbuzi. Akajaribu tena, mbuzi yuleyule. Mzee Jonasi alivumilia mpaka tumbusi alipofika ghalani, kisha akanyanyuka, akaja mpaka mezani, akanyoosha mkono na kuomba maiki.

Hakuyajua maneno ya filamu, wala hakuyahitaji. Alinguruma. Aliapa kuwala wanakijiji kwa chumvi na bila chumvi. Kiswahili kikimwishia aliendelea kwa Kindali, lugha ya kwao milimani, na hapo ndipo watoto walipoogopa zaidi, wakarukiana mapajani wakipiga makelele ya raha. Kifaranga alibaki kuwa wa Rabson, na kwa kuwa maiki ilikuwa moja, walipokezana, mkwe na mkwe, bega kwa bega.

Wakafika darajani. Tumbusi akasimama upande huu, kifaranga upande ule.

"Wewe kifaranga usiye na manyoya ya kutosha," Mzee Jonasi akasema, "umenifuata mpaka milimani kwangu. Unataka nini?"

Akampa Rabson maiki. Jibu la kifaranga kila mtoto alikuwa analijua, na midomo ilishafunguka kulisema pamoja naye: nataka maji ya kijiji changu. Lakini Rabson aliona kwamba mzee haitazami skrini. Anamtazama yeye, kupitia ile miwani yenye uzi, na anasubiri. Akaisogeza maiki karibu na mdomo.

"Nimekuja kumwomba Tupokigwe," kifaranga akasema.

Jenista akageuka kutaka kumsahihisha, Ezron akamziba mdomo.

Mzee akaichukua maiki. Akakohoa. "Mchukue," zimwi likanguruma. "Ila siku akirudi kwangu analia, nitashuka Tunduma na koti hilihili."

Daraja likakatika. Tumbusi wa kwenye skrini alikufa mara moja, lakini Mzee Jonasi alikataa. Aliporomoka polepole kwenye kiti chake cha plastiki, akilalamika, akikohoa, akiwaachia laana hata majirani zake wa Mbebe. Nyuma, Tupokigwe na Mwanamvita walipiga vigelegele, na watoto, wasiojua nani kaposwa, wakashangilia kwamba mbaya amekufa.

Ezron alimgeukia Marta, macho yamemjaa maji ya kicheko. "Sasa huyo ndiye adui," akasema.

Marta alijifuta uso kwa kanga, akakubali.