Mashine ya Manyoya ya Padiri

Paka wa nyumba ile aliitwa Padiri, na jina lile hakujipa mwenyewe. Alikuwa mweusi tangu pua hadi mkia, ila shingoni alikuwa na mstari mweupe kama kola ya kasisi. Niyigena ndiye aliyemleta, angali paka mchanga, ndani ya kikapu cha maharage, siku alipoaga kwenda Omate kuwapikia wachimba madini. Alimkabidhi binti yake Muhawenimana, akamwambia, "Unichungie huyu mpaka nirudi." Tangu siku ile misimu miwili ya mvua ilikuwa imepita, na kutoka Omate haikuja hata salamu.

Muhawenimana alikuwa na miaka minane. Aliishi na wazazi wa mama yake, Athanasie na mumewe Callixte, juu ya kilima karibu na Masisi mjini, na kifua chake kilipiga filimbi. Emérence, mganga wa kituo cha afya, alimsikiliza mgongoni, akatazama manyoya yaliyoshikamana na sweta yake, akasema bila kuficha.

"Mama Athanasie, hii manyoya njo inamukaba mutoto. Mukifagia na ufagio munairusha tu hewani, anaivuta. Ao paka atoke, ao manyoya itoke. Nitapita Dominika ya juma yenye kuja kumusikiliza tena. Kifua ikiwa vile vile, paka anaenda."

Mtoto hakulia. Alimuuliza tu bibi yake, "Koko, na mama akirudi nitamwambia nini?"

Athanasie alijifanya anatafuta kitambaa.

Jumatatu akaja Kasoki, mfanyabiashara wa kutoka Butembo mwenye duka pale mjini, ambaye ndiye mama wa ubatizo wa Muhawenimana. Alishuka kwenye pikipiki akiwa amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia. Ilikuwa aspirateri, mashine ya kufyonza vumbi, yenye kusimama wima kama mtu mwembamba, ina mpini juu na tumbo la plastiki unaloweza kuona ndani yake. Ubavuni ilibandikwa picha ya mbwa na paka, wote wawili wanacheka.

"Imetoka ndani ya mizigo ya Goma," alisema Kasoki. "Wanasema iko ya nyumba zenye paka na mbwa. Miye sijui kama wanasema kweli. Wewe ulifagia nyumba ya wageni ya parokia miaka kumi na mbili, hakuna vumbi inaweza kukudanganya. Ujaribu juma hii. Ikifaa, iko ya mutoto wangu. Isipofaa, uniambie, nisidanganye watu dukani."

"Mashini yenye kula manyoya!" alisema Callixte, akishika kidevu. "Itaniachia ndevu?"

"Papa Callixte, hizo ndevu hata mbuzi anazionea haya. Haitazigusa," alijibu Kasoki.

Kuran, yaani umeme, ilitoka kwenye turbini ya parokia kule mtoni, nayo iliwaka saa kumi na mbili jioni na kuzimika saa mbili. Kwa hiyo Athanasie alikuwa na saa mbili za kuran kila siku, akazitumia kama mtu anayeijua kazi. Alifagia upande mmoja wa zulia kwa ufagio, upande wa pili akaupitishia mashine, kisha akapangusa pande zote mbili kwa kitambaa cheupe chenye maji. Upande wa ufagio, kitambaa kilitoka na nywele kama kidevu cha mumewe. Upande wa mashine kilitoka karibu cheupe.

Padiri alikuwa amepanda darini zamani, mkia umevimba, akiitazama ile ngurumo kama Mkristo anayemtazama shetani.

Kwenye mbao za sakafu mashine haikuwa hodari vile. Manyoya yalijizungusha kwenye brashi, ikabidi kuyakata kwa makasi. Chini ya kitanda haikuingia. Waya wake ulikuwa mfupi, na kuivusha kizingiti kulimuumiza mgongo. Lakini kiti cha wageni, alicholalia Padiri, ilikisafisha mpaka rangi yake ya kijani ikarudi. Muhawenimana alichungulia lile tumbo la plastiki lililojaa manyoya meusi na meupe, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Koko, angalia! Ndani kuna Padiri mwingine!"

Jumatano usiku mtoto alilala bila filimbi. Athanasie alisali rozari ya kushukuru, na alipofika kumi la tatu akagundua kwamba tangu mwanzo alikuwa akisikiliza ile pumzi, wala siyo sala. Akamwomba Mungu msamaha, akaendelea kusikiliza.

Alhamisi mashine ilichoka. Ilinguruma vilevile, lakini manyoya yalibaki zuliani. Athanasie akafungua kikaratasi chake cha maelezo ya Kifaransa, akakisoma chote kwa kidole, neno kwa neno. Ndani ya mashine kulikuwa na sponji ya kuchuja hewa. Ilitakiwa kuoshwa kwa maji safi, kisha kuachwa penye hewa mchana kutwa na usiku kucha mpaka ikauke kabisa. Isiwekwe karibu na moto. Bila sponji, mashine isiwashwe.

Akaiosha, maji yakatoka kama ya mtoni baada ya mvua. Akaitundika chini ya paa la baraza. Na mvua ilikuwa inanyesha, mvua ya Masisi isiyo na haraka, inayoshuka pamoja na ukungu na kuketi. Nguo za Jumanne zilikuwa bado kwenye kamba. Ijumaa alikamua sponji, ikatoa maji. Jumamosi asubuhi akaikamua, ikatoa maji. Kiti cha kijani kilikuwa kimeanza tena kuwa cheusi, na kwenye kifua cha mtoto filimbi ilikuwa imerudi, ndogo, kama ya mtu anayepita mbali.

"Bwana," alisema Athanasie akitazama kilima cha ng'ambo kilichofunikwa na ukungu, "siombi mali. Naomba jua la nusu siku."

Kilima kilibaki kimefunikwa.

Jikoni, juu ya moto, kulikuwa na uchaga. Mahindi yalikauka pale, viatu vya Callixte vilikauka pale, na Niyigena alipokuwa mchanga nepi zake zilikauka pale. Athanasie alikumbuka maneno ya kikaratasi. Hakuyasahau hata moja. Aliiweka sponji juu kabisa, mbali na ndimi za moto, akakaa kando yake mchana wote, akiigeuza kama hindi la kuchoma. Jioni ilikuwa kavu, nyepesi. Ilinuka moshi, lakini ni kitu gani katika nyumba ile hakikunuka moshi?

Kuran ilipokuja, milango na madirisha vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya mvua. Mashine ikavuta kwa nguvu ya siku ya kwanza. Athanasie alitabasamu. Alikuwa amemaliza nusu ya zulia alipoona hewa ya chumba imekuwa ya kijivu. Masizi yote ambayo sponji iliyanywa kutoka uchagani, mashine ilikuwa ikiyapuliza kwa nyuma, laini kama unga.

Mtoto alikohoa mara moja. Mara ya pili kikohozi hakikutoka. Alishika shingo yake, macho yakamtoka.

Callixte alimbeba hadi barazani. Athanasie alimwekea mdomoni dawa ya kupuliza waliyopewa na Emérence, mara moja, mara mbili, akisema "Yesu, Yesu," kwa kuwa sala nyingine zote zilikuwa zimemkimbia. Pumzi ilirudi polepole, kama ng'ombe anayepanda kilima na mzigo.

Dominika, baada ya misa, Emérence alikuja pamoja na Kasoki. Alisikiliza kifua muda mrefu. Athanasie alimwambia yote, na uchaga pia.

"Mama, usijipige," alisema Emérence. "Hata miye ninakaushaka nguo ya mutoto wangu pale pale." Kisha akakunja vyombo vyake. "Lakini paka aende."

Kasoki alisema atamweka katika depo yake, kwenye magunia, ambako panya hawamwogopi mtu. Halafu akauliza taratibu, "Na mashini?"

Athanasie aliifuta vumbi kabla ya kujibu. "Mashini iko nzuri. Manyoya inatoa, isipokuwa chini ya kitanda. Inataka kuran kila siku, na inataka jua siku nzima. Umuuzie muntu mwenye jua."

Muhawenimana alileta kile kikapu cha maharage, akamweka Padiri ndani mwenyewe. "Mama akirudi," alimwambia Kasoki, "umwambie sikumutupa."

Juma lililofuata, asubuhi moja, Athanasie alipokuwa akitandika kitanda cha mtoto, mkono wake uligusa kitu laini chini ya mto. Lilikuwa donge la manyoya, meusi na meupe, lililotolewa katika tumbo la mashine na kuviringishwa vizuri mpaka likawa kama yai. Alilichukua akaenda nalo hadi jikoni, akasimama mbele ya moto. Akarudi chumbani, akasimama mbele ya kitanda. Hakuweza kulitupa, wala hakuweza kulirudisha.

Nje, kwa mazoea, Muhawenimana alikuwa akimwita Padiri aje kula, na sauti yake ilikuwa safi, haina filimbi hata kidogo.