Hewa Haisukumwi

"Mtungi wa gesi unaivisha maharage," mama alisema, akanyamaza kutafuta pumzi. "Mimi nimeshaiva."

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha hospitali ya Ngara, mikono imeshika magoti, mabega yamepanda karibu na masikio. Kila alipovuta hewa, ngozi ya shingo ilizama ndani. Kucha zake zilikuwa na rangi ya mtu aliyeshinda akichuma zambarau. Barakoa ya plastiki ilining'inia mkononi mwa Nesi Anneth, ikipuliza taratibu, haina mtu.

"Bibi, hii si ya kupikia. Ni hewa."

"Hewa mbona imejaa dirishani?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka. Kaka yangu Pancras alikuwa ametoka kunipigia kutoka Bugarama. "Sostenes, wasimwekee gesi. Subiri nifike. Mimi ndiye mkubwa."

Kwetu Bugarama ndivyo inavyoitwa: gesi. Mke wa Anatory aliwekewa gesi, akarudi ndani ya sanduku. Baba yake Felisiani, vivyo hivyo. Watu wameona mtungi, kisha wameona kaburi, wakaviunganisha. Sikuwalaumu, na hata leo siwalaumu. Kwetu mtu hupelekwa hospitali mizizi yote ikishachemshwa, kwa hiyo mtungi humkuta ameshaaga.

Mimi ni fundi wa matairi pale Nyakanazi, kwenye njia panda. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimeyaokota kwenye vitabu vya sayansi vilivyochakaa, malori yakiwa machache. Upepo naujua kwa mikono. Presha ya kompresa ikizidi ya tairi, upepo unakwenda, zikilingana, unasimama. Ndiyo maana nilimvuta Anneth pembeni nikamuuliza jambo lililokuwa likinitisha kuliko maneno ya kaka.

"Dada, mkimsukumia upepo ndani, mapafu ya mama yatahimili presha hiyo?"

"Hatusukumi, kaka. Kifua si tairi." Akaweka kiganja chini ya mbavu zake. "Kinajipanua kwanza. Kikipanuka, presha ya ndani inashuka, hewa ya nje inaingia yenyewe."

"Halafu?"

"Halafu inafika kwenye vifuko vidogo vya mapafu, ukuta wake mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Nyuma ya ukuta damu inapita. Oksijeni inavuka kutoka ilipo nyingi kwenda ilipo haba. Hewa iliyokwisha kutumika inavuka kurudi, tunaitoa. Bibi huyu, moshi wa kuni umembomolea kuta nyingi. Chache zilizobaki tunaziletea hewa yenye oksijeni zaidi, zivushe kile zinachoweza."

"Kuta hizo zitapona?"

Aliitazama barakoa. "Hapana. Ila atapumzika."

Nikaliona jiko la mama: mlango mmoja, dirisha halipo, kuni mbichi za masika. Sisi watoto tulikuwa tukikimbilia nje huku tukifikicha macho, tukisubiri kuitwa chakula. Yeye alibaki ndani. Hakuna aliyewahi kumwambia atoke.

Simu ikaita tena. Jina la Pancras likawaka, nikalitazama mpaka likakaribia kuzimika. Nikaizima simu yenyewe.

Nilipiga magoti mbele ya mama, nikaomba ile barakoa, nikaivaa mimi. Ilikuwa baridi puani, inanuka plastiki mpya. Mama alinikazia macho kama anayemtazama mtoto akivuka mto uliofurika.

"Bado upo?" aliniuliza kwa Kihangaza.

"Nipo, mama."

"Mama yake baba yako aliitwa nani?"

"Ernesta."

"Alikuwa na kasoro gani?"

"Alikuwa mchoyo wa chumvi."

Akachunguza macho yangu, moja kisha la pili. "Haya. Lete."

Anneth alimfunga mikanda ya barakoa, akarekebisha mtungi utoe hewa kidogo tu, kidogo kuliko nilivyotarajia. "Sasa toa pumzi polepole, bibi. Bana midomo, kama unapoza uji wa mtoto."

Mama alinitazama, akapoza uji. Akapoza tena. Mabega yakaanza kushuka, kama mzigo unaoteremshwa na watu wenye adabu. Kwa siku nyingi alikuwa amelala akiwa amekaa; mchana ule aliegemea mto, mdomo ukaachama ndani ya plastiki, akakoroma. Niliangaza macho nipate wa kumwonyesha. Anneth alikuwa ameitwa wodi nyingine.

Pancras alifika na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Aliutazama mtungi, akanitazama.

"Umemmaliza," alisema.

Mama aliishi siku chache zaidi. Alikula ndizi, akaulizia mbuzi wake, akamtania Pancras kwa tumbo lake. Kisha asubuhi moja, jua limeshatoka, hakuamka.

Msibani hakuna aliyenitukana. Waliniachia tu nafasi kubwa kwenye mkeka. Shangazi Marsiana aliwaambia waliochelewa kufika, "Gesi ilimchukua upesi," nao wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Ningeweza kueleza habari za vifuko na ganda la kitunguu. Nilikunywa uji, nikarudi Nyakanazi. Maharage yalipandwa na kuvunwa misimu kadhaa, na simu yangu ikaita kwa ajili ya matairi tu.

Mwaka huu, kiangazi kilipoanza, Pancras alishuka kwenye basi mbele ya kibanda changu. Tumbaku yake siku zote ilikuwa kali. Kutoka barabarani hadi kwangu ni hatua za kuhesabika, naye alisimama njiani kupumzika, mkono juu ya rundo la matairi. Nilizima kompresa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Alingoja pumzi. "Ile gesi. Mimi nilichelewa. Alipowekewa, alihangaika?"

"Hapana. Alilala."

"Kulala kweli?"

"Alikoroma."

Alicheka kidogo, kicheko kikaishia kwenye kikohozi kirefu. Nilimsubiri amalize. Lori la mafuta lilipita, vumbi likatufunika, likatua.

"Lakini hospitali umeipita Ngara, kaka. Basi lako limepitia pale pale."

"Najua," alisema.

Nikafunga kibanda, tukavuka barabara kusubiri basi la kurudi Ngara.