Mtafiti Haingilii

Salem alikuwa mwana wa jirani yetu Zubeida, hapa Likoni, na tulimpenda mpaka siku ile. Mwaka wa themanini na nane alirudi kutoka chuo kikuu na redio ya kaseti, akapewa kiti pembeni mwa chumba cha daktari, kwenye zahanati ya karibu na soko, arekodi jinsi daktari na wagonjwa wanavyozungumza. Eti hiyo nayo ni elimu. Sisi tukajivunia. Mama yake alipika mahamri akagawa mtaa mzima.

Wifi yangu Barke, mke wa kaka yangu Stambuli, alikuwa na mimba kubwa. Alipoanza kutokwa na damu aliniambia mimi peke yangu, nikampeleka zahanati ile. Daktari mwenyewe mwanamume, tena mgeni wa bara. Nilitaka kuingia naye, akakataa.

"Kaa papa hapa, wifi. Salem yumo ndani. Ni mwana wetu, hataniwata nikaaibika."

Akaingia amejishika kiuno. Yaliyosemwa mle nilielezwa na Salem baadaye. Daktari alimuuliza ana shida gani, na Barke akajibu kama tulivyofunzwa sote: "Alhamdulillahi, daktari. Ni mwili tu." Kwetu mwanamke hamwagii maradhi yake mwanamume asiyemjua. Hushukuru kwanza, akangoja aulizwe tena, na tena, ndipo aseme. Daktari hakuuliza tena. Foleni ilikuwa imefika barabarani, akamwandikia dawa za maumivu.

Barke akamtazama Salem. Salem akatazama kaseti yake.

Kesho yake damu ilifunguka kama mfereji. Tulikuwa kwenye foleni ya feri, twende hospitali ng'ambo, alipokata roho mapajani mwangu. Wallahi nilimchukia kila aliyekuwa mbele yetu, hata mbuzi waliokuwa wakivushwa.

Baada ya hitima Salem alikuja kutupa pole. Nilimvuta uani, akanieleza yaliyopita mle ndani.

"Hukujua kwamba hajamaliza kusema?"

"Nilijua, shangazi."

"Ulijua!"

"Hayo ndiyo ninayoyasomea. Watu wetu husema wakiulizwa mara ya pili, ya tatu. Daktari huuliza mara moja. Bi Barke alikuwa mfano ulio wazi kuliko wote."

"Na mdomo wako ulikuwa wapi?"

"Mtafiti haingilii, shangazi. Ningesema neno, mazungumzo yangeharibika."

Alisema hivyo bila haya, kama anayejibu mtihani. Laiti nisingekuwa na birika la chai mkononi, ningemzaba kofi mbele ya wafiwa wote. Naye, kwa adabu ile ile aliyolelewa nayo, akaendelea: "Samahani, nahitaji ruhusa ya wenyewe, niitumie sauti yake."

"Toka!" nikamwambia.

Stambuli akatokea mlangoni, macho yamemvimba. Hakuwa amesikia ila hayo ya mwisho.

"Sauti ya Barke? Unayo?"

"Ninayo, ami."

"Na wapo watakaoisikiliza?"

"Wengi, ami. Maprofesa."

Nilifungua mdomo nimwambie kaka yangu, lakini nilipomwona uso nikashindwa. Alikuwa ameushika mkono wa Salem kwa mikono yake miwili, machozi yakimtiririka.

"Itumie, mwanangu, Mungu akulipe. Kumbe mle ndani alikuwapo mtu akimsikiliza."